Blichi ya Saluni, Blichi ya Nyumbani: Nani Anabeba Dhamana?



Ndugu zangu wasomaji, nilipoitaja mada hii kwenye kikao cha kupanga jarida, kaka mmoja alicheka akasema gazeti la vijana wa Kiislamu halina nafasi ya kujaza habari za nywele za wasichana. Nikamuuliza kama ana dada. Akasema anao watatu. Nikamwambia basi asubiri asome, kisha aamue kama ni habari za nywele.

Mwaka jana, katika siku za mwisho za Shaabani, binamu yetu aliolewa Koboko. Mnajua harusi za Shaabani zilivyo kwetu, kila familia inataka kuwahi kabla mwezi haujaandama. Mdogo wangu alikuwa amemaliza senior six, amerudi nyumbani, na alikuwa na jambo moja tu kichwani: aende harusini na nywele za rangi ya dhahabu. Asubuhi moja akapanda taksi kutoka Koboko mpaka Arua, akanifuata hosteli, tukaenda pamoja saluni moja karibu na soko kuu. Alikuwa na shilingi 40,000 alizokusanya kidogo kidogo.

Fundi wa pale ni mama wa makamo. Hakuanza kwa kuonyesha picha za rangi. Alimvua mdogo wangu kitambaa, akaingiza vidole kwenye nywele, akachukua unywele mmoja akauvuta taratibu. Kisha akauliza, "Rilaksa umepaka lini?" Mdogo wangu akajibu, "Wiki iliyopita." Yule mama akamrudishia kitambaa chake. Akasema hawezi kublichi nywele zilizotoka kwenye rilaksa juzi tu. Aje baada ya miezi miwili, au akubali zile zenye dawa zikatwe kwanza. Mdogo wangu alibembeleza, akaongeza na hela ya nauli juu ya zile 40,000. Yule mama akasema, "Mwanangu, hela naitaka, lakini kichwa chako sikitaki." Tukatoka.

Nje, hatua chache tu, kuna meza za vipodozi. Vingine vinavuka mpaka kutoka Ariwara, upande wa Congo, na maandishi yake ni ya Kifaransa. Kwa shilingi 9,000 mdogo wangu akanunua poda ya blichi na chupa ya dawa ya kuchanganyia. Jioni tukapanda taksi ya Koboko, kwa kuwa mimi pia nilikuwa nakwenda harusini. Tulipopita Maracha, alinitolea ile pakiti akaiweka mapajani mwangu. "Dada," akasema, "wewe si unasoma kemia?"

Ndiyo, nasoma kemia. Niliigeuza ile chupa, Kifaransa chote sikukielewa, lakini nikaona tarakimu: asilimia 12. Nikasema, "Hii ni haidrojeni peroksaidi tu." Lile neno "tu" ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Kesho yake nyuma ya nyumba nilikoroga poda kwenye bakuli la plastiki, nikampaka kwa mswaki wa zamani kuanzia kwenye ngozi mpaka ncha. Nikamfunika kichwa kwa kavera ili isikauke. Akakaa kwenye mkeka karibu na sigiri ambayo mama alikuwa anapikia, kwa sababu pale ndipo palikuwa na kivuli. Baada ya dakika kama kumi akasema inawasha. Nikamwambia ndivyo inavyofanya kazi, vumilia. Akasema inachoma. Nikamwambia vumilia, bado ni nyekundu, haijafika. Nilimwambia "vumilia" mara ngapi sijui. Alikuwa ananiamini, akavumilia dakika arobaini.

Tulipomwagia maji, nywele za utosini zilishuka na maji kama nyuzi zilizooza. Ngozi iliyobaki ilikuwa na vidonda, kimoja kikubwa kuliko sarafu ya shilingi 500, na vingine vidogo nyuma ya sikio. Mama alipiga ukelele ambao nausikia hadi leo.

Harusini alikwenda. Alijifunga mtandio vizuri, akacheza na wenzake, na hakuna aliyejua. Watu walimsifu kwa stara yake.

Kwanza niwaeleze kile nilichokijua na kile ambacho sikukijua, kwa sababu wengi wetu hapa ni wanafunzi wa sayansi na tunaugua ugonjwa mmoja. Nilijua kwamba peroksaidi inatoa oksijeni, na kwamba oksijeni hiyo inavunja melanini, ile rangi iliyo ndani ya unywele. Nilijua kwamba poda ina chumvi za pasalfeti na kwamba mchanganyiko wake ni wa alkali, ndiyo maana magamba ya nje ya unywele yanafunguka na dawa inaingia. Haya yako kwenye vitabu. Sikujua kwamba unywele mweusi kama wetu haurukii njano, unapita wekundu na rangi ya chungwa kwanza, na mwenye haraka anadhani dawa haijafanya kazi akazidi kuiacha. Sikujua kwamba mafundi wana dawa ya kuchanganyia ya asilimia 3, 6, 9 na 12, na kwamba hii ya mwisho haipelekwi kwenye ngozi ya kichwa. Sikujua kwamba kwenye mizizi hupakwa mwisho, kwa sababu joto la kichwa chenyewe linaharakisha dawa. Mimi nilianza na mizizi, nikaongeza kavera, nikaongeza na sigiri. Sikujua kwamba dawa hujaribiwa kwanza nyuma ya sikio siku mbili kabla, na kwenye kishungi kimoja kilichofichika. Na kuhusu rilaksa, hapa nina aibu zaidi, kwa sababu hili ningeweza kulijua kama ningekaa chini dakika tano na kufikiri. Rilaksa inanyoosha nywele kwa kuvunja vifungo vya salfa vinavyoushikilia unywele. Blichi nayo inavishambulia vifungo hivyo hivyo. Nilikuwa nabomoa nyumba ambayo nguzo zake zilishang'olewa wiki moja kabla.

Yule mama wa saluni sidhani kama anaweza kuandika hata alama moja ya kemia. Lakini aliuliza swali moja tu, na lilikuwa ndilo lenyewe.

Sasa nije kwenye maneno ya watu. Habari ilipojulikana ndani ya familia, walitokea watu wa aina mbili. Rafiki yangu wa chumba kimoja hosteli alisema kosa letu ni kufanya nyumbani, mambo haya ni ya saluni, mwenye hela aende na asiye na hela akae na nywele zake nyeusi. Haboba yetu, yaani bibi, kama tunavyoita sisi wa Kinubi, alisema kinyume. Yeye kosa analoliona ni kwenda saluni tangu mwanzo. Kwa nini msichana wa Kiislamu avue kitambaa mbele ya kioo kinachotazama barabara, vijana wa boda wakiingia kuchaji simu, na pengine anayekushika kichwa ni mwanamume? Nyumbani kuna sitara, alisema.

Hoja ya haboba ina uzito, na nawaomba kaka zetu wasiikimbilie kuicheka kwa kuwa imetoka kwa mzee. Nywele za mwanamke mbele ya asiye maharimu wake ni uchi wake, hilo hatulibishanii. Ziko saluni Arua na Koboko zenye pazia na chumba cha ndani na mafundi wanawake watupu, na anayetaka kwenda saluni ni wajibu wake kuzitafuta. Lakini sitara ya nyumbani ilitufanyia jambo jingine pia. Ilinificha mimi. Ningemfanyia hivyo mteja saluni, wateja wengine wangeona, wangesema, pengine mmoja angenizuia mkono dakika ya kumi. Nyuma ya nyumba hapakuwa na jicho la mtu anayejua. Na mtandio ukaja kufunika matokeo.

Kuna atakayeuliza kama blichi yenyewe inafaa, kabla hatujaulizana wapi ifanyike. Sitakaa sana hapa, maana mimi si mufti. Kupaka nywele rangi kuna asili katika Sunna. Siku ya kufunguliwa Makka, Abu Quhafa, baba yake Abubakar (r.a.), aliletwa nywele na ndevu zake zikiwa nyeupe pe, na Mtume (s.a.w.) akaagiza zibadilishwe rangi, ila weusi uepukwe. Hina inajulikana. Kuhusu kublichi, nilichosikia kwa masheikh niliowauliza ni kwamba nywele hukua na kurudi, kwa hiyo si sawa na chale au kuchonga meno. Na kwa kuwa blichi haiachi tabaka juu ya unywele, haizuii maji ya udhu wala ya kuoga. Masharti waliyoyataja ni kutokujifananisha na wale ambao hatutakiwi kujifananisha nao, kutokumwonyesha asiyestahili kuona, na kutokuwepo madhara. Wengine wana msimamo mkali zaidi na nawaheshimu. Lakini hata kwa kauli nyepesi kuliko zote, lile sharti la mwisho linabaki pale pale, nalo ndilo lililonikamata.

Rafiki mwingine, anayesoma sharia, alitaka kunifariji. Akaniambia nisijitese: nia yangu ilikuwa njema, sikuchukua hata senti, na mdogo wangu alitaka mwenyewe. Mambo matatu: nia, bure, na ridhaa. Akaniongezea kwamba Ibn al-Qayyim katika Zad al-Ma'ad amelizungumza jambo hili. Msingi wake ni ile hadithi iliyomo katika Sunan Abu Dawud, kwamba anayejitia kutibu watu ilhali hajulikani kwa utabibu, basi ni mdhamini wa madhara yatakayotokea. Ibn al-Qayyim akaifafanua kwa kuwagawa matabibu makundi. Tabibu stadi aliyeipa kazi haki yake, mkono wake usikosee, kisha madhara yakatokea, huyo hadaiwi. Na mjinga aliyetibu, ikiwa mgonjwa alijua kabisa kwamba huyu ni mjinga wa fani hii na bado akampa ruhusa, huyu naye hana dhamana. "Basi," akasema rafiki yangu, "mdogo wako alijua wewe si msusi. Umetoka."

Usiku ule nilipumua. Kesho yake nikamwomba anisomee sentensi inayofuata. Akasita. Kisha akasoma: lakini ikiwa mgonjwa alimdhania kuwa ni mjuzi, na akampa ruhusa kwa sababu ya ujuzi huo aliomdhania, basi anadhamini kile mkono wake ulichokiharibu.

"Dada, wewe si unasoma kemia?"

Hilo swali la ndani ya taksi lilikuwa mlango. Ningeweza kusema, "Nasoma kemia, lakini vichwa vya watu sivijui." Maneno machache tu. Sikuyasema, kwa sababu ilikuwa tamu kuulizwa. Ndugu zangu, sisi tunaotoka Koboko, Yumbe, Maracha, tukifika chuo kikuu kijiji kizima kinakuja nyuma yetu. Ukisoma uuguzi mwaka wa kwanza unaletewa mtoto mwenye homa. Ukisoma sheria unaletewa kesi ya shamba. Ukisoma dini mwaka mmoja unaulizwa talaka. Watu hawatuulizi kwa ujinga, wanatuuliza kwa kutuamini, na wengi wetu tunakula ile imani kabla hatujaistahili. Sikumdanganya mdogo wangu kwa ulimi. Nilimwacha adhani.

Kwa hiyo lile la ridhaa likaanguka. Ridhaa yake ilijengwa juu ya kitu ambacho hakikuwepo.

Kuna jambo jingine kuhusu ridhaa ambalo bado ninalizunguka kichwani. Hata kama angejua kila kitu, akaniambia "Paka, liwalo na liwe", je, ana haki ya kunipa ruhusa hiyo? Wenzetu wengi siku hizi wanasema mwili wangu ni mali yangu. Sisi tunafundishwa kwamba mwili ni amana, na kwamba una haki juu yetu, Mtume (s.a.w.) alimkumbusha hilo Abdullah bin Amr alipozidisha kufunga na kusimama usiku. Mtu akikuachia shamba la amana, kisha jirani akaomba kulichoma moto, huwezi kumruhusu kwa kusema nimeridhika. Anayechoma hana ruhusa, na wewe unayeruhusu hukuwa na cha kuruhusu. Naona fikra hii ni sahihi, lakini inanitisha pia, kwa sababu inatuacha wawili wenye makosa mahali ambapo nilitamani awepo mmoja tu. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na tisa na harusi mbele yake. Siwezi kumweka kwenye mizani moja na mimi.

Na lile la bure? Hili watu wengi hawalioni. Tunadhani malipo ndiyo yanayoleta wajibu: fundi amelipwa, basi ajibu, dada hakulipwa, basi ni mapenzi tu. Lakini tazameni hela ilivyofanya kazi siku ile Arua. Yule mama alikataa 40,000 na nauli juu yake. Alipoteza siku nusu ya kazi kwa kusema hapana. Mimi sikuwa na cha kupoteza, nikasema ndiyo. Mapenzi yangu hayakuwa na nguvu ya kukataa. Nadhani hii ndiyo tofauti kubwa niliyoiona kati ya pale saluni na pale nyuma ya nyumba, na haikuwa tofauti ya poda, maana poda ni zile zile. Ilikuwa kwamba pale palikuwa na mtu anayejua kiasi cha kuweza kukataa.

Nasema pale, sisemi saluni zote. Nisingependa mtu asome makala hii akaikimbilia saluni yoyote yenye kioo na feni. Zipo ambazo zingeichukua ile hela bila kugusa unywele. Msichana anajifunza kwa kutazama miezi miwili, anafungua kibanda chake, anaandika rangi zote ukutani. Wala serikali haitatufanyia kazi hii. Shirika la viwango la Uganda, UNBS, limepiga marufuku krimu za kujichubua zenye zebaki na haidrokwinoni, na bado tunaziona mezani. Poda ya nywele yenyewe wala si marufuku, ni halali kuuzwa, na mwenye kuinunua anaachiwa na Mola wake. Mjinga aliyelipwa hana tofauti na mjinga wa bure, isipokuwa yeye ana risiti.

Na nyumbani kuna mafundi pia. Hapa nataka kumtendea haki haboba. Wanawake wa Kinubi wamesukana na kupakana hina majumbani mwao tangu kabla ya umeme kufika Koboko. Haboba mwenyewe anaijua hina kwa harufu. Akiletewa hina ya pakiti anaitia kidogo mkononi, anasubiri mpaka kesho, ikiwa inawasha anaimwaga. Anasema ile inayokuwa nyeusi haraka si hina. Yuko sahihi kuliko anavyojua, kwa sababu hina ya kweli haina weusi ule. Mara nyingi ni kemikali ya PPD iliyotiwa, ile ambayo pwani wanaiita piko, na huko Sudan, walikotoka babu zetu, imepeleka watu wengi hospitali. Haboba hakusoma popote. Alifundishwa na mama yake, na mama yake alisahihishwa na wengine, na mkono wake umeonekana na mji mzima kwa miaka hamsini.

Siku ile haboba alikuwa ndani, hatua kumi kutoka kwenye mkeka. Sikumwuliza. Nilidhani yeye ni wa hina na mimi ni wa peroksaidi.

Ramadhani ikaingia. Usiku wa nne, mdogo wangu alitoharika na hedhi na akatakiwa kuoga. Vidonda vilikuwa bado vibichi, na mhudumu wa afya alikwisha kutuambia maji yasiguse utosi mpaka ngozi ifunge. Akaja kwangu tena, taratibu, kitambaa mkononi: "Dada, nifanyeje?" Nilikuwa na jibu mdomoni. Nilikuwa nimesikia mahali fulani kwamba kuoga hakukamiliki mpaka maji yafike kwenye mashina ya nywele, na nilitaka kumwambia ajimwagie kidogo haraka haraka. Wallahi nilikuwa nafungua mdomo. Nikanyamaza, nikachukua simu, nikampigia ustadhi wetu wa Arua usiku ule ule.

Akamwelekeza: aoshe mwili wake wote mzima, apanguse juu ya bandeji, na atayamamu kwa ile sehemu isiyofikiwa na maji. Kisha, nadhani hakujua anamwambia nani, akatusimulia ile habari aliyoipokea Jabir na iliyomo katika Sunan Abu Dawud. Kikundi cha watu walikuwa safarini, mmoja akapigwa jiwe akapasuka kichwa. Usiku akaota, akapata janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alighadhibika sana, akasema wao ndio waliomwua, na akawalaumu kwa nini hawakuuliza ikiwa hawajui. Wapo wanazuoni wa hadithi waliozungumzia udhaifu katika sehemu ya sanadi yake, ustadhi hakulificha hilo, lakini akasema wanafiqhi wameitumia kwa karne nyingi.

Simu ilikuwa kwenye spika. Mdogo wangu alikuwa ananitazama.

Wale watu hawakuwa maadui wa mwenzao. Walikuwa rafiki zake, safari moja, chakula kimoja. Hawakumtoza hela. Nia yao ilikuwa sala yake isiharibike. Nia njema kuliko hiyo sijui utaipata wapi. Na yule majeruhi aliridhika, alioga kwa mkono wake mwenyewe. Nia, bure na ridhaa, yote matatu yalikuwepo, na bado Mtume (s.a.w.) hakusema ilikuwa ajali.

Nilimwomba msamaha usiku ule, kabla ya daku. Akasema, "Nilishakusamehe, dada, mimi ndiye niliyetaka." Haki yake amenisamehe, namshukuru. Sikutaka liishie hapo, nikamwuliza ustadhi baadaye kama kuna ninachodaiwa. Akanieleza kwamba mafaqihi wamejadili mpaka fidia ya nywele za kichwa, hasa zikiwa hazitarudi kuota, na wametofautiana: kuna wanaoziwekea diya kamili na kuna wanaoacha ikadiriwe na kadhi. Akasema zikirudi, jambo ni jepesi zaidi. Nilishangaa kwamba watu waliishi miaka elfu moja nyuma na wakaketi kuhesabu thamani ya nywele za kichwa cha mtu, wakati mimi niliziita nywele tu. Nililipa dawa na bandeji zote kwa hela yangu ya matumizi ya muhula. Mama alipendekeza tumnunulie wigi la kuvaa nyumbani wageni wa Idi wakija. Haboba akakataa kuliona hata mlangoni, na hapo sote tulimkubali.

Zimeota. Sehemu ile ya kidonda kikubwa zimeota chache, lakini zimeota. Zina urefu wa kidole, ngumu, nyeusi, na hajazipaka rilaksa tangu siku ile.

Wanafunzi wa hosteli yetu wamesikia kwamba "najua mambo ya blichi", sijui habari iligeuka vipi njiani, na wiki iliyopita mmoja alinijia na pakiti na bakuli. Nikamwambia sijui. Akadhani namnyima. Nikamwambia tena sijui, nikamwonyesha njia ya kwa yule mama karibu na soko, na nikamwambia ajiandae kuulizwa swali.

Na juzi mdogo wangu amenipigia kutoka Koboko. Anasema nywele zake sasa hazina dawa yoyote, ameshahesabu miezi, na Desemba anataka kurudi kwa yule fundi. Ameshauliza kama kuna chumba chenye pazia, kipo. Haboba amenuna. Mama hataki kusikia. Mimi sikujua niseme nini, kwa sababu katika watu wote wa nyumba ile mimi ndiye mwenye haki ndogo kuliko wote ya kumkataza, na pengine ndiye mwenye sababu kubwa kuliko wote. Ameniomba nimsindikize. Nimemwambia nitakuja, nitakaa kwenye benchi.